Uvimbe wa ngozi kwa mtoto: Ujue jina lake kabla ya kuukata

WATOTO wengi huota vinundu na mabaka ya kila namna katika ngozi, na aghalabu havina madhara yoyote. Vingine ni majipu ya kawaida yanayopasuka na kupona. Vingine mtoto huzaliwa navyo, akakua navyo hadi uzeeni bila kumsumbua. Hata hivyo, miongoni mwa vinundu hivyo kuna vichache sana ambavyo ni saratani, na hivi vichache ndivyo vinavyomweka mzazi katika njia panda. Vikatwe au viachwe? Na vikikatwa, vikatwe vipi, wapi na nani?

Swali hili halimhusu mzazi peke yake. Wewe unayesoma gazeti hili Nairobi, Mombasa au mjini Garissa huenda ndiye utakayeombwa ushauri. Familia iliyo Hadado, huko Wajir Magharibi, ikiona kinundu kigumu kifuani mwa mtoto, mara nyingi humpigia simu shangazi aliye Eastleigh au mjomba anayefanya kazi Garissa. Picha hutumwa kwa simu, na kabla ya jua kutua watu wa mjini wameshakata shauri: "Mleteni akatwe." Nia ni njema. Lakini katika magonjwa haya, haraka ya kukata inaweza kumgharimu mtoto kuliko kungoja wiki tatu.

Jambo la kukumbuka ni moja. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kumponya mtoto kabisa. Kwa sababu hiyo, usifanywe kabla uvimbe haujajulikana jina lake.

Si kila uvimbe ni wa kisu

Tuanze na ule usiohitaji kisu. Hemangioma ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Huanza kuonekana katika wiki za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, hukua kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha huanza kunywea wenyewe polepole. Zamani baadhi yake ilikatwa na kuacha makovu mabaya usoni. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya miaka mingi ya moyo na shinikizo la damu, huunywesha uvimbe huu. Siku hizi ndiyo dawa ya kwanza kwa hemangioma inayotishia jicho, pua au kupumua. Dawa hii hutolewa chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa inaweza kupunguza mapigo ya moyo na sukari ya mtoto mchanga.

Keloidi ni kovu lililofura hadi likavuka mpaka wa jeraha lililolizaa. Sisi watu weusi twaijua sana. Keloidi ikikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza.

Kuna pia baka jeusi la kuzaliwa, wakati mwingine lenye nywele. Likitarajiwa kufikia sentimita 20 au zaidi mtoto atakapokuwa mtu mzima, ni vyema mtaalamu aliangalie mara kwa mara, kwani hatari ya kupata melanoma, ile saratani kali ya ngozi, huongezeka. Lakini watoto wengi wenye mabaka haya hawapati saratani hiyo kamwe. Upasuaji hapa si wa dharura. Ni jambo la familia na daktari kuketi na kushauriana.

Uvimbe wenye mizizi

Sasa tuje kwenye ule unaohitaji kisu, tena kisu cha mtu anayejua anachokifanya. Unaitwa dematofibrosakoma protuberansi. Kwa kuwa jina hili ni refu, madaktari hulifupisha kuwa DFSP, nasi tutafanya vivyo hivyo. Daktari Mfaransa Jean Darier na mwenzake Ferrand waliueleza mwaka 1924, na mwaka uliofuata Mjerumani Erich Hoffmann akaupa jina hili.

Ni ugonjwa adimu. Takwimu za Marekani za kati ya 1973 na 2002 zilionyesha wagonjwa wapatao 4 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, na watoto ni sehemu ndogo tu ya hao. Takwimu hizo hizo zilionyesha kwamba Wamarekani weusi huupata karibu mara mbili ya wazungu. Kwa hivyo si ugonjwa ambao daktari Mwafrika anaweza kuupuuza akidhani ni wa ng'ambo.

Huanza kama baka gumu au kinundu kidogo, hasa kifuani, tumboni, mgongoni, begani au pajani. Rangi yake huweza kuwa ya hudhurungi, ya zambarau, au ile ile ya ngozi. Kwa watoto, mara nyingine hakifuri bali hubonyea kama kovu la zamani. Hakiumi. Hakitoi usaha. Hukua polepole kwa miezi au miaka, ndiyo maana watu hukizoea. Wengi hukidhania kuwa keloidi, uvimbe wa mafuta au alama ya kuzaliwa.

Chanzo chake kimejulikana. Ndani ya chembe moja ya ngozi, kipande cha kromosomu ya 17 hubadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 22. Mabadiliko hayo huifanya chembe ijipe amri ya kukua bila kukoma. Mtoto hakurithi ugonjwa huu, hakuambukizwa, wala si kijicho cha jirani. Mama asilaumiwe kwa chochote alichokula au kukifanya akiwa mjamzito.

Habari njema ni kwamba DFSP husambaa hadi mapafuni kwa nadra sana. Ni chini ya wagonjwa 5 katika kila 100. Ubaya wake uko pale pale unapoota. Juu unaona kinundu cha ukubwa wa punje ya mahindi, na chini ya ngozi kimetandaza nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho wala kuguswa kwa vidole. Mkazi yeyote wa Garissa anaujua mti wa mathenge. Ukiukata shina ukaacha kisiki, mvua ikinyesha utachipuka tena, na safari hii kwa matawi mengi zaidi. DFSP ni hivyo hivyo. Ukiondolewa kile kinachoonekana tu, mara nyingi hurudi. Kila unaporudi huwa umeingia ndani zaidi, upasuaji huwa mkubwa zaidi, na uwezekano wa kugeuka kuwa mkali huongezeka.

Kipande kwanza

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kipimo. Daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa maabara na kuangaliwa kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Kipande hicho kinapaswa kufika hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwa sababu kile cha juu juu kinaweza kuleta jibu la kupotosha.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minne aliye Hadado. Kazi ya kituo cha afya si kuung'oa uvimbe. Kazi yake ni kuupima kwa rula, kuupiga picha rula ikiwa kando yake, kuandika umeanza lini, na kutoa barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti mjini Wajir. Huko ndiko kipande kinakoweza kutolewa. Kutoka Wajir kupitia Habaswein na Modogashe hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350 nyingine. Mvua ikinyesha, safari ya siku moja inaweza kuwa ya siku tatu. Kwa hivyo chupa yenye kipande cha nyama isafiri kwanza, mtoto abaki nyumbani.

Chupa hiyo ina masharti yake. Kipande kiwekwe ndani ya formalini, na formalini iwe nyingi, yapata mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kisiwekwe ndani ya maji wala kugandishwa kwa barafu. Jina la mtoto, umri wake na mahali kilipotolewa viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Karatasi ya maabara ieleze kwamba daktari anashuku uvimbe wa ngozi wenye mizizi, ili mtaalamu ajue kutumia rangi maalumu zinazotofautisha DFSP na makovu ya kawaida.

Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Wengi huingiwa na hofu hapa, wakiona kama saratani inazidi kuenea huku wamekaa. Ndugu msomaji, huu ni ugonjwa wa mwendo wa kinyonga. Wiki tatu au nne za kungoja jibu hazitamdhuru mtoto. Upasuaji uliofanywa bila jibu ndio unaoweza kumdhuru. Uvimbe unaokua kwa kasi, kutokwa damu au kuwa kidonda ni jambo tofauti. Huo upelekwe mbele bila kuchelewa.

Njia tatu za kukata

Jibu likishathibitisha DFSP, kuna njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kukata kwa upana. Mpasuaji huondoa uvimbe pamoja na sentimita 2 au 3 za ngozi nzuri kuuzunguka, na kushuka hadi kwenye utando unaofunika msuli. Ni njia inayojulikana na wapasuaji wengi, na yaweza kumalizwa kwa siku moja. Lakini hebu tupige hesabu. Uvimbe wa sentimita 2, ukiongezewa sentimita 3 kila upande, unaacha jeraha la sentimita 8. Kwenye mgongo wa mtu mzima hilo si kubwa. Kwenye kifua cha mtoto wa miaka minne, ni karibu nusu ya kifua. Mara nyingi itabidi ngozi ya paja ipandikizwe hapo.

Ya pili ni upasuaji wa Mohs, uliobuniwa na Frederic Mohs huko Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1930. Mpasuaji hukata tabaka jembamba, kingo zote zikaangaliwa kwa hadubini siku hiyo hiyo, kisha hurudi kukata pale tu palipobaki mizizi. Ngozi nyingi nzuri huokolewa, na kwa wagonjwa walio wengi uvimbe haurudi. Ni kama 1 au 2 katika 100 tu ambao hurudiwa. Tatizo ni kwamba njia hii huhitaji mpasuaji aliyeisomea na maabara iliyo mlango wa pili, na mtoto hukaa chini ya nusukaputi kwa saa nyingi. Katika kanda yetu ni adimu.

Ya tatu ni kukata kwa awamu. Mpasuaji huondoa uvimbe na ukingo wa wastani, hutia alama kwa nyuzi ili ijulikane upande upi ni wa juu na upi ni wa chini, kisha hulifunika jeraha kwa bandeji bila kulishona kabisa. Nyama hupelekwa maabara, kingo zote zikaangaliwa kwa utulivu kwa siku kadhaa. Mizizi ikionekana upande mmoja, mtoto hurudishwa chumba cha upasuaji na upande huo pekee ukaongezwa. Kingo zikiwa safi, ndipo jeraha linaposhonwa au kupandikizwa ngozi. Hakuna mashine mpya inayotakiwa hapa. Kinachotakiwa ni mpasuaji na mtaalamu wa patholojia wanaozungumza.

Jinsi ya kuchagua

Mimi si mpasuaji, na uamuzi wa mwisho ni wa timu itakayomwona mtoto. Lakini mzazi, na wewe unayemshauri, mnaweza kuingia katika chumba cha daktari mkijua mnachokipima.

Pima mahali. Uvimbe ukiwa mgongoni, tumboni au pajani, ambako ngozi ni ya kutosha, kukata kwa upana ni njia ya busara. Ukiwa usoni, shingoni au mkononi, kila sentimita ina thamani, na kukata kwa awamu kunafaa zaidi. Hali kadhalika kifua cha mtoto wa kike. Chini ya chuchu kuna kitumba kidogo ambacho ndicho titi la kesho, na kikiondolewa hakirudi. Ikiwa kinaweza kunusurika bila kuacha mizizi, kinusurike. Ikiwa hakiwezi, mzazi aambiwe wazi kabla, wala asikigundue binti mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitatu.

Pima historia. Uvimbe ambao haujawahi kuguswa una mpaka unaoeleweka. Ule uliowahi kukatwa na kurudi umejichanganya na kovu, na huo usirudiwe tena katika hospitali ndogo.

Pima umbali, lakini kwa uangalifu. Familia ya wafugaji kutoka Hadado itavutiwa na njia ya siku moja, na ni haki yao. Kuna ng'ombe na ngamia wanaongoja, na kuna watoto wengine nyumbani. Lakini upasuaji wa siku moja ambao kingo zake hazikuwa safi utawarudisha Nairobi mwaka ujao wakiwa na deni kubwa zaidi. Hapa ndipo ndugu wa mjini anapohitajika. Jamaa wa Eastleigh anayempa mtoto na mama yake chumba kwa wiki tatu, hadi jibu la kingo lipatikane, amemsaidia kuliko yule anayetuma nauli ili mtoto akatwe kesho na kurudi keshokutwa.

Jambo moja lisisahauliwe, njia yoyote itakayochaguliwa. Daktari asihamishe nyama ya jirani kuziba jeraha kabla kingo hazijathibitishwa kuwa safi. Mizizi ikiwa imebaki na nyama ikashahamishwa juu yake, hakuna atakayejua tena ilikuwa upande gani.

Dawa na mionzi

Wengi huuliza kama kuna dawa ya kumeza. Imatinibu, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa watu wazima wenye DFSP isiyoweza kukatwa, iliyorudi au iliyosambaa. Kwa watoto, wataalamu huitumia kwa nadra, hasa kuunywesha uvimbe mkubwa. Haichukui nafasi ya kisu. Mionzi nayo huepukwa kwa watoto, kwa kuwa huweza kudumaza mfupa unaokua na kuzaa saratani nyingine baada ya miaka mingi.

Chuma cha moto na kambi za upasuaji

Kwa wafugaji wengi wa kaskazini mashariki, kuchoma kwa chuma cha moto ni tiba ya kale, na ayeyo anayeipendekeza anampenda mjukuu wake. Tusimcheke. Tumweleze kwamba moto huunguza kinachoonekana na kuiacha mizizi, kisha kovu lake huficha mpaka ambao mpasuaji angeufuata.

Kambi za upasuaji nazo zina faida kubwa. Tangu 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF, wapasuaji wamekuwa wakiwafuata wagonjwa walio mbali, na maelfu wamenufaika. Lakini kambi ya siku mbili si mahali pa kuondoa uvimbe usio na jina. Inafaa sana kwa kutoa kipande cha kupima. Nyama yoyote inayotolewa mwilini mwa mtoto iende maabara, hata daktari akisema ni mafuta tu.

Maswali ya kumwuliza daktari

Yaandike kwenye karatasi, mzazi aende nayo:

1. Uvimbe huu unaitwaje, na maabara imethibitisha?
2. Utakata ukingo wa sentimita ngapi, na kwa nini?
3. Nani atakayeangalia kingo, na jibu litachukua siku ngapi?
4. Utalifunga jeraha kabla au baada ya jibu hilo?
5. Kingo zisipokuwa safi, mpango ni upi?
6. Umewahi kutibu uvimbe wa aina hii kwa mtoto? Kama hujawahi, utatuelekeza kwa nani?

Daktari mzuri hatakasirishwa na maswali haya. Kuhusu gharama, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini ya mzazi kabla ya safari, na uulize hospitali mapema ni kipi kinacholipwa na kipi utakachojilipia.

Baada ya upasuaji

Kidonda kikipona, kazi haijaisha. Uvimbe unaorudi hurudi zaidi katika miaka mitatu ya kwanza, ingawa mara chache hurudi hata baada ya miaka kumi. Mtoto aangaliwe kila miezi sita kwa miaka ya mwanzo, kisha kila mwaka. Si lazima asafiri hadi Nairobi kila mara. Mhudumu wa kituo cha afya anaweza kulipapasa kovu kwa vidole, akilinganisha na picha ya zamani, na kumpeleka mbele akihisi ugumu mpya. Mama naye afundishwe kufanya hivyo anapomwogesha mtoto.

Mwisho, jibu la maabara litolewe nakala mbili au zaidi. Moja ikae na mzazi, nyingine ikae na jamaa wa mjini. Familia za wafugaji huhama, nyumba huungua na faili za hospitali hupotea. Miaka kumi na mitano ijayo mtoto huyo atakuwa kijana, huenda yuko chuoni mbali na kwao, na daktari mgeni akimwuliza lile kovu lilitokana na nini, karatasi hiyo ndiyo itakayomjibu.